Betri za Vyura na Maiki ya Profesa

Mkuu wa idara ya fiziolojia, ambaye nilimfundisha kushika koleo akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alinipigia simu juzi akaniomba niwaandikie ninyi mafundi wapya wa maabara kurasa chache kuhusu usalama kazini. Alitaka orodha. Nilianza orodha, nikafika namba mbili nikasinzia. Kwa hivyo nitawaambia tu yaliyonipata mimi, na usalama mtauchambua wenyewe, kama mtu anavyochambua mchanga kwenye maharagwe.

Wengi wenu hamnijui. Jina langu ni Nyambura. Nilifanya kazi katika maabara ya fiziolojia ya chuo kimoja cha afya hapa Nakuru tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nilipokuwa hivi mnavyoniona sokoni. Sasa nimestaafu, niko upande wa Bahati na kuku wangu. Kazi yangu kubwa ilikuwa vile visanduku vya stimuleta, na betri zake.

Stimuleta, kwa wale ambao bado hawajaishika, ni kisanduku cha kutoa umeme kidogo uliopimwa, kwa muda mfupi sana, mahali unapotaka. Unachukua msuli wa shavu la mguu wa chura pamoja na mshipa wake wa fahamu, unaulaza mshipa juu ya nyaya mbili, unabonyeza, na msuli unaruka. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia darasani wiki nzima anaruka pia. Hapo ndipo anaamini kwamba hata yeye, akiinua kikombe cha chai, ni umeme kidogo unaopita.

Siku hizi mnachomeka kila kitu kwenye kompyuta na mstari unajichora kwenye skrini. Sisi tulikuwa na pipa dogo lililozungushiwa karatasi, na karatasi hiyo tuliipaka masizi kwa moshi wa taa ya mafuta. Msuli ukiruka, kijiti kinakwaruza masizi na kuacha mstari mweupe. Ilikuwa picha nzuri sana. Lakini mimi nilitoka kazini mweusi puani na masikioni, na jirani yangu mmoja alikuwa na hakika kwamba nauza makaa na naona aibu kusema.

Aliyeniingiza katika kazi hii ni Mzee Cheruiyot, fundi mkuu wa maabara. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kusema maneno machache kisha akayaacha yakusumbue jioni nzima. Stimuleta zetu sita alizitengeneza mwenyewe, katika visanduku vya mbao ya saiprasi. Kila kimoja kilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu, kitufe cha kuongeza kasi, taa ndogo nyekundu, na ndani yake betri moja ya mraba, ile yenye vichwa viwili vya chuma upande mmoja. Juu ya kila kifuniko, kando ya swichi, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe neno moja: ZIMA. Wanafunzi hawakulisoma hata siku moja.

Elimu yake ya fiziolojia hakuipata chuoni. Ujana wake aliutumia Mau Narok, katika shamba kubwa la ngano na ng'ombe, akitunza fensi ya umeme iliyoendeshwa na betri ya gari. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza nitajuaje ni umeme kiasi gani wa kumpa chura, kwa sababu kitabu kilisema mambo mengi na mimi sikuelewa hata moja. Akafikiri, akaniambia kwamba ng'ombe ukimpa kidogo anaegemea fensi na kujikuna. Ukimpa mwingi anaingiwa na wazimu, anabeba fensi na vigingi vyake mpaka kwa jirani. Lakini kuna mahali katikati ambapo anashtuka tu kidogo, anarudi nyuma na kufikiri. "Hapo ndipo unatafuta," akasema. "Anza chini, panda polepole. Chura na ng'ombe ni mmoja."

Nimesikia mihadhara mingi kuhusu jambo hilo tangu siku hiyo, mingine ya saa mbili nzima, na sijasikia iliyozidi hiyo.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza pia kwa nini tunahangaika na betri wakati ukuta mzima una soketi.  Akasema kwamba stima ya ukutani haina huruma na haina mwisho, ila betri hata ikikukosea, inakukosea kidogo. Na tena, stima ya ukutani ina mlio wake usiosikika kwa sikio, na ukitaka kupima umeme mdogo wa mshipa wa fahamu, mlio ule unaingia kwenye mstari wako na kuutetemesha kama mkono wa mlevi. Kwa hivyo sheria ya kwanza, na hii mkuu wa idara anaweza kuitundika ukutani akipenda: mtu haunganishwi na ukuta. Akiunganishwa na kitu, kiwe kinatumia betri.

Nasema mtu kwa sababu si vyura peke yao. Tulikuwa pia na praktikali ya mkono wa binadamu, ambayo ninyi bado mnaifanya. Mwanafunzi anaweka mkono mezani, unamgusa na stimuleta upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo ukijigonga unaona nyota, na vidole viwili vya mwisho vinajikunja vyenyewe. Haiumi. Inachekesha tu, kwa sababu ni mkono wako na haukusikii.

Dakta Njoroge, mhadhiri wetu kijana, aliona betri ni ushamba. Alitengeneza waya wake wa kuchukua stima kutoka kwenye soketi na kuipunguza, akasema kesho yake atawaonyesha wanafunzi kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Cheruiyot hakubishana naye. Asubuhi ile waya ulichomekwa na haukufanya kazi. Dakta akajaribu soketi ya pili, na ya tatu, akalalamika kwamba chuo hiki hakina stima. Taa za juu zilikuwa zinawaka. Mzee alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni, na katika mfuko mmoja alikuwa na fyuzi ya plagi ile.

Basi ikabidi Dakta atumie kisanduku cha saiprasi. Akakaa mbele ya darasa, akakunja shati, akabana nyaya za stimuleta kwenye kiwiko kwa mkono wake wa pili. Mwanafunzi mmoja, kwa kutaka kusaidia, akazungusha kitufe cha kasi badala ya kitufe cha nguvu. Vidole vya Dakta vikaanza kujikunja na kujikunjua, kujikunja na kujikunjua, taratibu kabisa.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, na mkuu wa chuo akaingia.

Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa suti tatu na hasira moja isiyobadilishwa. Alisimama mlangoni akamwona mhadhiri kijana, ameketi, hajasimama, anamwita kwa vidole viwili kama mtu anayeita paka. Akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anayeitwa. Hakukuwa na mtu.  Dakta angeachilia zile nyaya mara moja tu mambo yakaisha, lakini hofu haina akili, alizidi kuzibana. Vidole vikaendelea kumwita mkuu wa chuo mbele ya wanafunzi arobaini.

Mzee Cheruiyot ndiye aliyetembea, bila haraka, akabonyeza pale palipoandikwa ZIMA.

Tangu siku hiyo Dakta Njoroge alikuwa mtu wa betri kuliko sisi wote. Mkuu wa chuo, naye, hakupenda tena kuiona maabara yetu. Hilo likumbukeni, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuangukia mikononi mwake.

Nilikuwa bado katika miezi ya kujaribiwa, sijaandikwa kazi ya kudumu. Mama yangu alikuwa ameshaliambia kanisa zima kwamba mimi ni daktari wa vyura. Ukafika mtihani wa praktikali wa mwisho wa mwaka, na mtahini akawa anakuja kutoka chuo kingine, Profesa Mwende, mama mmoja mfupi ambaye jina lake liliwafanya wahadhiri wanyooshe tai. Asubuhi angesimamia mtihani. Alasiri angehutubia chuo kizima ukumbini, siku ambayo wanafunzi wapya walikula kiapo na wazazi walikuja kutoka Molo, Mau Narok, Naivasha, mpaka Kamere kule kando ya ziwa, na suti zao na mafurushi yao ya chakula.

Wiki ile Mzee Cheruiyot alikuwa likizo, amekwenda kuvuna viazi. Kabla ya kuondoka aliniachia jambo moja. Alichukua betri moja akaniwekea mkononi, akasema betri ni kama mgeni aliyeketi. Ukimwuliza habari, atakwambia yuko sawa kabisa. Mpe jembe, ndipo utajua. Maana yake, usiipime betri ikiwa imepumzika. Iunganishe kwanza na balbu ndogo, iache ifanye kazi kwa muda, halafu ndipo upime. Alikuwa na balbu yake ya tochi kwa kazi hiyo, iliyofungwa kwenye kipande cha mbao. Alinionyesha inapokaa.

Vijana, jioni ile kabla ya mtihani nilikuwa na haraka. Kulikuwa na mambo ya kupiga pasi koti, na kusuka nywele. Nilichukua mita ya kupimia umeme, nikagusa vichwa vya betri, moja baada ya nyingine, bila balbu. Zote zilisoma volti tisa. Nikaandika "sawa" mara sita, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini. Balbu ya Mzee ilibaki kabatini.

Asubuhi nilifika mapema, nikawasha kisanduku cha kwanza ili nijaribu. Taa nyekundu iliwaka vizuri. Nikabonyeza, msuli ukaruka mara moja, mara mbili, kisha ukatulia kama mtu aliyekataa kusalimia. Taa ikawa ya rangi ya chai. Nikasema huyu chura ana shida, nikabadilisha msuli. Nikasema labda ni maji ya chumvi, nikachanganya mengine. Nikahamia kisanduku cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu ndicho kilichonifungua akili. Nilikaa kwenye stuli, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi, nikaenda kabatini kuchukua ile balbu.

Betri mbili kati ya sita zilikuwa nzima. Nne ziliwasha balbu kidogo tu, kisha zikafifia. Zilikuwa zimekaa usiku kucha zikapumzika, na mimi nikaziuliza habari zikasema ziko sawa, ziko sawa, ziko sawa. Za akiba hatukuwa nazo, kwa sababu hizo nilizoweka ndizo zilikuwa za akiba. Gari la chuo lilikuwa limekwenda kumchukua profesa. Mtihani ulikuwa unaanza baada ya nusu saa, na kutoka chuoni mpaka maduka ya mjini na kurudi, hata kwa boda boda, sikuona ikiwezekana.

Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya uwanja wa nyasi. Mlango ulikuwa wazi. Mezani mbele palikuwa na maiki nne zisizo na waya, zimepangwa kama vijiko. Kila maiki ya aina ile ilitumia betri moja ya mraba, sawasawa na zetu. Bwana Onyango, mwalimu wa kwaya ya chuo ambaye pia alitunza vyombo vya ukumbi, alikuwa amezijaribu asubuhi ile, nikamsikia mwenyewe akihesabu moja mbili moja mbili mpaka kuku wa jirani wakajibu. Sasa alikuwa amekwenda kunywa chai.

Nitawaambia nilivyofikiri, si kwa kujitetea. Nilifikiri: mtihani utaisha saa sita. Hotuba ni saa nane. Nitazirudisha, na hakuna atakayejua. Na ili Onyango akija asikute maiki ni nyepesi, nikaziwekea zile betri zangu nne zilizochoka. Nikawasha maiki moja, taa yake ya kijani ikawaka. Nikajiona mwerevu.

Mtihani ulikwenda vizuri ajabu. Misuli iliruka kama inalipwa. Profesa Mwende alipita kutoka meza hadi meza, anauliza maswali kwa sauti ndogo, na wanafunzi wanajibu kwa sauti ndogo zaidi. Kwangu alisema tu kwamba vifaa viko katika hali nzuri. Mimi nikasema asante, Prof, huku naitazama saa ya ukutani. Ikafika saa sita. Alikuwa meza ya pili. Ikafika saa saba, yuko meza ya nne. Mama yule hakuruka mwanafunzi hata mmoja, na kila aliyeshindwa kujibu alimpa nafasi ya pili, na ya tatu, kwa upole mkubwa. Sijawahi kuuchukia upole wa mtu kama siku ile.

Alipomaliza, nilizing'oa betri nne nikatia katika mfuko wa koti, nikakata uwanja mbio. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazazi walikuwa wameketi, kwaya imesimama, wageni wako jukwaani, na maiki nne ziko mikononi mwa watu. Nikabaki nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono mfukoni nimezishika zile betri kama mayai.

Mkuu wa chuo akasimama. Akasema, "Leo tuna bahati ya." Maiki ikafa.

Alisema maneno mengine lakini hayakusikika. Bwana Onyango akakimbia na maiki ya pili. Mkuu akaanza tena tangu mwanzo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuanzia katikati. "Leo tuna bahati ya kuwa na mgeni ambaye." Ikafa. Onyango akaipuliza, akaigonga kwenye kiganja, akaigeuza juu chini. Ilipotulia kidogo ilipata nguvu tena, ikatoa sauti moja kubwa ya kupulizwa iliyoamsha watoto wote wachanga waliokuwa wamelala, kisha ikafa kabisa. Ya tatu ilimfikisha mkuu mpaka kwenye jina la profesa. Akalitaja nusu.

Onyango akachukua ya nne kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi, akampa Profesa Mwende mwenyewe. Profesa akasimama, akatabasamu kwa wazazi, akasema, "Ninapenda kusema kwamba." Kimya.

Hapo mtu mwingine angerudisha ile maiki na kupiga kelele tu. Lakini huyu alikuwa mwanasayansi. Aliitazama, akafungua kifuniko chake cha chini, akaitoa betri, akaileta karibu na miwani. Nami nikakumbuka jambo ambalo asubuhi ile, kwa wazimu wangu, nilikuwa nimelisahau kabisa. Mzee Cheruiyot aliandika kila betri ya maabara kwa rangi nyeupe.

Profesa akasoma. Hakuhitaji maiki, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa kimya kama kaburi.

"Chura namba tatu," akasema.

Mzee mmoja katika safu ya wazazi aliuliza jirani yake kama hilo ndilo jina la mgeni.

Ningeweza kutoka nje. Mlango ulikuwa hatua mbili nyuma yangu, na mpaka leo najua rangi ya kitasa chake. Lakini nilimwona Bwana Onyango pale mbele, amefungua maiki zote, anasoma chura namba moja, chura namba tano, na uso wake umekuwa wa mtu anayejua kwamba ni yeye atakayeulizwa. Mke wake alikuwa katika kwaya. Basi miguu ikaanza kwenda mbele, sikuituma. Ukumbi ule ni mrefu. Viatu vyangu vilikuwa na kisigino, na kila hatua ilisikika.

Nilipofika chini ya jukwaa nilitoa zile betri nne nzuri nikaziweka mezani mbele ya profesa. Nikasema ni mimi, nilizichukua asubuhi kwa ajili ya mtihani, na Bwana Onyango hakujua lolote.

Mkuu wa chuo alivuta pumzi ya kuanza kusema. Profesa akainua kidole kumzuia, hata hakumtazama.

"Hizi zako ulizipima?" akaniuliza.

"Nilizipima, Prof."

"Zikiwa na mzigo, zikifanya kazi?"

"Bila mzigo."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyepata ugonjwa aliokuwa akiushuku. Akatia betri nzuri katika maiki kwa mikono yake, akaifunga, akageukia wazazi. Akawaambia kwamba alikuja na kurasa kumi na mbili za hotuba kuhusu ukweli katika kazi ya afya, lakini zimeshatembea zenyewe kutoka mlangoni mpaka hapa mbele, na zina kisigino. Kwa hivyo yeye hatazisoma. Akaketi. Wazazi walipiga makofi kwa muda mrefu sana. Ningependa kuamini yalikuwa yangu, ila wengine walikuwa wakingoja tangu saa tano, na nadhani walishangilia zile kurasa kumi na mbili.

Makofi hayaandiki mtu kazi. Jumatatu niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Nilimkuta Mzee Cheruiyot amerudi, ana udongo wa shamba bado kwenye viatu, na Bwana Onyango ameketi pembeni na kofia magotini. Mkuu alisema kwa urefu kwamba nimeiba mali ya ukumbi, nimeaibisha chuo mbele ya wazazi, na kwamba mtu aliye katika majaribio akifanya hivyo basi jaribio limetoa jibu.  Nilikuwa nafikiria jinsi mama yangu atakavyowaeleza wale wa kanisani.

Kisha akamgeukia Mzee, akamuuliza kwa ukali ni nani aliyepata wazo la kuandika chura kwenye betri za chuo, mpaka profesa akasoma mbele ya watu.

"Ni mimi," akasema Mzee.

"Kwa nini?"

Mzee akatazama viatu vyake. Nilimwona anapima, kama alivyopima kila kitu, anaanzia chini. "Kwa sababu zilikuwa zinapotea, bwana mkuu. Kila ikikaribia Pasaka na Krismasi. Zinaenda, halafu baada ya sikukuu zinarudi zimechoka. Nikasema niweke alama, nijue ni nani ako na hii mchezo."

Hakumtazama mtu. Hakukuwa na haja. Kofia ya Bwana Onyango ilianza kuzunguka magotini mwake, ikazunguka, ikazunguka. Mwishowe akakohoa, akasema kwamba kwaya ya chuo, katika misimu ya sikukuu, ilikuwa na mahitaji mengi, na kwamba yeye kila mara alikuwa na nia ya kusema.

Mkuu wa chuo alimtazama Onyango, akanitazama mimi, akamtazama Mzee. Nafikiri aliona kwamba akianza kufukuza, atabaki yeye na vyura. Akatuambia sote tutoke.

Mchana nilipata barua mbili. Ya kwanza ilinionya vikali, na nilistahili. Ya pili ilisema kwamba kuanzia siku hiyo betri zote za chuo, za maabara, za ukumbi, za saa za ukutani na za tochi za walinzi, zitakuwa chini ya fundi Nyambura, aliyethibitishwa kazini. Mzee alizisoma zote mbili bila kucheka. Akaniambia niende niweke mbao yake ya balbu mahali ambapo mkono wangu utaigusa kabla ya mita.

Wa kwanza kuja chini ya sheria mpya alikuwa Bwana Onyango. Alisimama mlangoni mwa maabara na maiki zake nne kwenye kikapu, akasema kwamba mazoezi ya kwaya ni saa kumi, tafadhali, madam. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa madam na mtu aliyenizidi umri. Nilizitoa betri, nikaziunganisha na balbu moja moja, tukangoja pamoja tukiitazama inavyowaka. Kungoja kule ni kurefu mkiwa na haya wote wawili. Kwenye ya nne akaniuliza kama mimi huimba.

Nikamwambia ukweli, kwamba siimbi vizuri.

"Hata hao wengine hawaimbi vizuri," akasema. "Lakini wanakuja."

Nilikwenda saa kumi hiyo hiyo, nikijiambia nakwenda kuziangalia betri tu. Nimekuwa safu ya pili, sauti ya alto, mpaka leo.